Mkono Uliokuwa Chini ya Mbingu

"Nadir, picha ya chini imetikisika."

"Imetikisika vipi?"

"Mnazi mmoja unaonekana miwili, na bwawa limekuwa maziwa. Huna nyengine?"

"Sina. Ya mbingu iko safi, itie mwangaza hiyo hiyo mpaka chini kuonekane. Hoteli wanaitaka leo alasiri. Nisitiri, mpenzi."

Nyuma ya sauti yake mtu akacheka. Kicheko cha kike, cha mtu aliyestarehe. Tahiya akauliza ni nani huyo. Nadir akasema ni wahudumu, wanafagia, na simu ikakatika.

Basi Tahiya, masikini, akacheka na yeye. Alikuwa amekaa chumba cha juu, nyumbani kwao Mkunazini, feni linazunguka, kompyuta mbele yake. Kwenye kona limesimama begi jekundu la harusi, ambalo wakwe zake walilileta Jumapili kwa vigelegele, limejaa kanga, madira na manukato. Ndoa Alhamisi. Bwana harusi mwenyewe yuko Kendwa anapiga picha za hoteli, amalize kazi aje kuoa akili imetulia. Hivyo ndivyo alivyoaga, na Tahiya akamfungia visheti vya njiani.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili. Nadir anapiga, Tahiya anatengeneza. Jua likizama, kamera haiwezi kuzipata mbingu na ardhi kwa pamoja. Ukiifuata mbingu, chini kunakuwa giza totoro. Ukiifuata ardhi, mbingu inaungua ikawa nyeupe kama shuka. Kwa hiyo Nadir hupiga mbili, moja ya mbingu na moja ya chini, na Tahiya huzilaza moja juu ya nyengine kwenye kompyuta, akafuta taratibu pale zinapokutana mpaka mtu asijue kwamba zilikuwa mbili. Mapenzi yao yaliota hapo hapo, kwenye kutumiana picha na kusifiana. Na kwa miaka yote hiyo, nusu ya chini ya picha ya mbingu hakuna aliyewahi kuitazama. Aitazamie nini? Ni giza, na kazi yake ni kufutwa.

Siku ile Tahiya akasogeza kipimo cha vivuli, kidogo kidogo. Minazi ikatoka. Ukingo wa bwawa ukatoka. Vitanda vya kupumzikia vikatoka, picha ikaanza kufanya chenga, lakini inaonekana. Kwenye kitanda kimoja walikaa watu wawili.

Akadhani wageni. Akaikuza, afikirie namna ya kuwaondoa. Mwanamke kajilaza begani kwa mwanamme, mkono wake ulio wazi umemzunguka shingoni. Mwanamme kageuza uso kwenye kamera, kama mtu anayehakikisha mashine yake bado inafanya kazi.

Alikuwa Nadir.

Nadir alikuwa na mtindo wa kuiweka kamera kwenye stendi ijipige yenyewe wakati jua linakwenda, akaenda kukaa pembeni. Na kweli alikaa. Alikaa vizuri kabisa.

Tahiya hakulia. Akaanza kumtafutia udhuru, maana mtu ukimpenda unakuwa wakili wake hata hajakutuma. Labda dada yake. Nadir hana dada. Labda mgeni kaomba picha. Mgeni gani wa kulala begani? Akasimama, akaita chini.

"Mama, njoo."

"Naam. Nnakuja, nna unga wa hina mikononi."

Mama yake, Bi Mwanakheir, ndiye mchora piko na hina za maharusi anayeitwa na nusu ya mji. Siku ile alikuwa anachekecha hina ya mwanawe mwenyewe. Akapanda ngazi huku akijifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akainama kwenye kompyuta. Hakuangalia uso. Jicho lake la kazi lilikwenda kwenye mkono, na likagota hapo.

"Mkono huu nimeuchora mimi."

"Mama, mtazame mwanamme."

"Nshamuona. Nnakwambia mkono nimeuchora mimi. Tazama hapa kwenye kiwiko, kishada cha karafuu. Nani mwengine mjini hapa anachora karafuu?"

Akakaa kitandani. Polepole akaeleza. Alhamisi iliyopita aliitwa mtaa wa Amani kumchora biharusi, msichana mwenye adabu zake, jina lake Sumaiya. Ndoa ilikuwa Ijumaa yake, ya kimya kimya, watu wachache. Bwana harusi walisema anafanya kazi za mahotelini, na mama wa bwana harusi walisema mgonjwa, hatoweza kuhudhuria. Bi Mwanakheir alimuonea huruma yule mtoto, akamchora mpaka kiwikoni.

"Na nilimuombea dua," alisema. "Nilimuombea kheri na mumewe, Tahiya. Kwa ulimi wangu huu."

Tahiya akamuomba ampigie huyo Sumaiya. Mama akakataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, kisha akaitafuta namba na kuifungua sauti ili wasikie wote wawili.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, mwanangu. Piko imeshika?"

"Imeshika mpaka watu wa hoteli wananisimamisha njiani kuitazama. Tuko kwenye fungate, Kendwa."

"Mashaallah. Na mumeo hajambo? Jina lake nani vile?"

"Nadir. Hajambo, yuko nje. Hata fungate haachi kupiga picha. Kuna dada mmoja huko mjini, mfanyakazi wake, ndiye anayemtumia amsafishie."

Tahiya akaichukua simu mkononi mwa mama yake. Sauti aliyoitoa ilimshangaza mwenyewe kwa utulivu wake.

"Sumaiya, mimi ndiye huyo dada. Alhamisi nnaolewa na mumeo."

Upepo wa Kendwa ukasikika kwenye simu.

"Nadir yupi?" Sumaiya aliuliza.

"Huyo huyo wa kwako. Bi Radhiya, mama yake, kaniletea begi hapa Jumapili kwa miguu yake."

"Bi Radhiya mgonjwa. Hawezi kusimama."

"Jumapili kanichezea ngoma ukumbini kwetu."

Sumaiya hakutukana. Aliomba tu atumiwe picha, akakata. Tahiya akaituma. Alama za buluu zikatokea, halafu hakuna jibu. Baadaye kidogo ukaingia ujumbe mmoja: "Mimi aliniambia hajawahi kuchumbia mtu."

Kabla ya adhana ya alasiri Nadir akapiga. Safari hii hakumwita mpenzi.

"Tahiya, umemwambia nini Sumaiya?"

"Nimemwambia nimemaliza kazi yako."

"Nisikilize. Ile ndoa haikuwa hiari yangu. Kaka zake walinikuta kwao, wakanibana, ikawa ndoa ya mkeka. Nilitaka kukwambia harusi yetu ikipita."

"Ndoa ya mkeka."

"Wallahi."

"Usiape. Ndoa ya mkeka mtu anakamatwa na anafungishwa pale pale alipokutwa. Haina piko mpaka kiwikoni, wala haina fungate Kendwa. Mama yangu ndiye aliyemchora, Nadir. Kaanza asubuhi, kamaliza magharibi."

Nadir akawa kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta.

"Mama yako?"

"Mama yangu."

"Dini imeruhusu wake wawili. Sijafanya haramu mimi."

"Imeruhusu wake wawili. Huku mke, huku mfanyakazi, hiyo umeitunga wewe."

Akamkatia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akalia kwa kwikwi mpaka mama akamshika kichwa.

Alipotulia, kitu cha kwanza alichotaka ni kuibandika ile picha mtandaoni, ulimwengu mzima uione. Kidole kilikuwa kishafika. Bi Mwanakheir akakizuia. Alimwambia picha ile ikianikwa, atakayeanikwa si Nadir peke yake, ataanikwa na yule mtoto wa watu ambaye hakujua lolote. Sitara yake na yeye ni sitara. Tahiya alikasirika, kisha akaona ni kweli.

Akarudi kwenye kompyuta akafanya kazi yake kama anavyoijua. Mbingu ya Kendwa akaiacha na wekundu wake. Chini akakuangaza, akaondoa chenga, akalainisha pale mbingu inapokutana na minazi. Nadir na mkewe akawaacha walipokaa. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote walizowahi kutengeneza pamoja, na hilo lilimuuma zaidi. Akaipeleka kuchapishwa kubwa, ikatiwa fremu.

Asubuhi yake baba yake mkubwa, Mzee Mcha, alilichukua begi jekundu kulirudisha Kiembe Samaki, kwa kina Nadir. Nguo zote zilikuwemo, zimekunjwa kama zilivyoletwa. Juu kabisa, chini ya zipu, imelazwa fremu.

Bi Radhiya alikuwa barazani na wanawake wa mtaani, wanachagua mchele wa harusi. Alilifungua begi mbele yao wote, akidhani kuna kitu kimekosewa kipimo. Sinia la mchele likashuka kutoka mapajani mwake. Akapiga simu Mkunazini.

"Mwanangu Tahiya, nani huyu kakaa na Nadir?"

"Mkweo, Bi Radhiya."

"Mkwe wangu si wewe?"

"Huyo ndiye kaolewa. Ndoa ilifungwa Amani Ijumaa. Wewe ulisemwa mgonjwa, ndio maana hukuwepo."

"Mgonjwa, mimi?"

"Ndivyo alivyosema mwanao."

Bi Radhiya akailaza fremu kifudifudi.

"Basi leo ndio nimeugua," alisema, akaiweka simu chini.

Sumaiya hakumaliza fungate. Alirudi kwao Amani siku ile ile aliyotumiwa picha, na kama atasamehe au hatosamehe, hilo ni lake na wazee wake. Nadir alikwenda Mkunazini mara nyingi, akagonga mpaka majirani wakamzoea. Hakufunguliwa. Hoteli hawakupata picha yao, walimsumbua yeye mpaka wakachoka.

Alhamisi ikafika, hakuna ndoa, na hina iko tayari kwenye bakuli. Bi Mwanakheir akamuita mwanawe, akamkalisha kwenye mkeka, akamshika mkono, akamchora kimya kimya mpaka kiwikoni. Hakumuombea dua kwa sauti. Alisema dua zake za maharusi kwanza azipumzishe.

Na mpaka leo, ukimwita Bi Mwanakheir nyumbani kwako kuchora biharusi, hafungui kikapu chake cha hina. Anakaa, anakunywa kahawa yako, halafu anasema, "Kwanza niitieni bwana harusi. Aje na mama yake."