Siku Sponji Alipohama

Ukipita mtaa ule asubuhi, ulisikia nyundo kwanza, kisha cherehani, kisha mbwa akipiga chafya. Nyundo ilikuwa ya Fundi, mtengenezaji wa makochi. Cherehani ilikuwa ya mkewe, aliyeshona vitambaa vya kuyavalisha makochi hayo. Na chafya zilikuwa za Sponji, mbwa wao. Vumbi la makochi ya zamani lilimchokoza pua kila siku, lakini hakukubali kutoka nje.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha kulala, kisha ua mdogo wenye bomba la maji. Basi, nyumba imekwisha. Katikati ya karakana ilisimama meza kubwa ya kukatia vitambaa. Chini ya meza walitupa mabaki ya sponji. Hapo ndipo mbwa alipolala tangu utoto wake.

Mbwa huyo hakununuliwa wala hakuombwa. Alitoka ndani ya kochi. Mteja mmoja alileta kochi kuukuu lililokaa bandani muda mrefu. Fundi alipochana kitambaa cha chini, alisikia kilio chembamba. Akaingiza mkono katikati ya springi, akatoa kitoto cha mbwa, macho hayajafunguka.

"Mke wangu, njoo!" aliita. "Kochi limezaa!"

Enzi hizo hawakuwa na mtoto. Mke wa Fundi alimnywesha maziwa yule mbwa kwa kitambaa kilicholowa, usiku na mchana. Miaka ikapita, na mtoto bado. Watu wa mtaa, midomo yao haina kufuli, wakaanza kumwita Mama Sponji. Mwanzoni jina lilimchoma. Baadaye akaliitikia.

Jioni cherehani iliponyamaza, Mama Sponji alikaa kizingitini akichambua nyuzi, na Sponji akaweka kidevu juu ya mguu wake. Siku alizolia, alilia amemkumbatia Sponji shingoni. Na Sponji hakumwambia mtu.

Kisha, watu walipochoka kuuliza, mtoto akaja. Akaja mnene, mashavu yamejaa, wakamwita Kibonge. Nyumba ikabadilika harufu: kulikuwa na gundi na ngozi, sasa kukawa na maziwa.

Kibonge alipoanza kutambaa, kazi ikawa ngumu. Sakafu ya karakana ilijaa pini na vipande vya waya. Mahali pamoja tu palikuwa safi na laini: chini ya meza.

"Mweke hapo," alisema Fundi. "Sponji atamlinda."

Wakamweka. Kibonge akagaagaa kwenye sponji, akacheka. Wazazi nao wakacheka. Hakuna aliyejiuliza pale palikuwa pa nani.

Sponji alikuwa amezeeka. Pua ilikuwa na mvi, na miguu ya nyuma ilikakamaa. Alipotaka kuinuka, alijikusanya kwanza kama mtu anayebeba gunia. Siku moja Kibonge alimvuta sikio. Sponji akanguruma.

Mama Sponji alivua ndala, akamchapa. "Unamngurumia mtoto? Mtoto wangu mimi?"

Siku nyingine Sponji akanguruma tena. Ndala ikafanya kazi tena. Baada ya hapo hakunguruma.

"Umeona?" Mama Sponji alimwambia mumewe. "Ameshika adabu."

"Ananizidi mimi," Fundi alijibu.

Adabu gani! Mbwa alikuwa amenyang'anywa mdomo wa kusemea. Wao wakauita utulivu.

Basi mchana mmoja Fundi alikuwa amekwenda kupeleka viti. Mama Sponji aligeuka kidogo kubadilisha uzi wa cherehani. Kibonge akapanda juu ya kiuno cha Sponji, pale palipouma, akajirusharusha. Sponji hakunguruma. Aligeuza kichwa mara moja tu.

Mtoto akapiga ukelele.

Mama Sponji alimnyakua. Mkononi palikuwa na mchubuko, na damu kidogo. Sponji alikuwa amejikunyata kwenye kona ya meza, anatetemeka.

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa daktari wa mifugo. Alisikia kilio akaja mbio, kanga haijakaa vizuri kiunoni.

"Ni mbwa?" aliuliza. "Twende bombani. Leta sabuni."

"Si nipake mafuta kwanza?"

"Usipake kitu chochote, dada. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano. Mwache alie. Kulia hakumdhuru."

Wakaosha. Mama Sponji alilia pamoja na mtoto.

"Lakini Sponji amechanjwa kichaa cha mbwa," alisema. "Wewe mwenyewe ulimchanja."

"Nilimchanja. Hata hivyo, mtoto anakwenda hospitali leo hii, na mhudumu ndiye atakayeamua kuhusu sindano. Meno ya mbwa yakipasua ngozi, hata kidogo, hatukai nyumbani kubahatisha."

Walikwenda. Mhudumu aliutazama mkono, akauliza habari za mbwa na chanjo yake, akampa Kibonge matibabu. Waliporudi, Fundi alikuwa mlangoni. Habari alikwisha kuipata mtaani. Mkono mmoja alishika baiskeli, mwingine gunia.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Nampeleka ng'ambo ya mji. Nitamwacha huko. Atajua mwenyewe pa kwenda."

"Shemeji, weka gunia chini," alisema daktari.

"Daktari, amemuuma mwanangu!"

"Nimeona. Kwanza, mbwa aliyeuma mtu haachwi apotee wala hauawi. Huangaliwa siku kumi. Akiugua, hospitali lazima wajue. Atakaa uani kwangu, nitamtazama. Pili, huko ng'ambo ya mji ana nani? Mzee wa watu, miguu haimbebi. Akiumwa na njaa, ataingia nyumba ya nani? Yenye mtoto wa nani?"

Fundi alilitazama gunia, akaliacha likaanguka.

Daktari aliingia, akachuchumaa karibu na meza, akamgusa Sponji polepole mgongoni. Alipofika kiunoni, Sponji alilia kwa maumivu.

"Yanamuuma maungio," alisema. "Hebu niambieni. Hakuwahi kunguruma kabla ya leo?"

Mama Sponji aliitazama ndala yake. Kisha akasema, "Alinguruma. Nilimchapa mpaka akaacha."

"Kunguruma ni maneno yake, dada. Anasema: nimechoka, niondolee huyu. Ukisikia hivyo, mwondoe mtoto, usimpige mbwa. Ukimpiga, hasira na maumivu vinabaki palepale. Kinachoondoka ni onyo."

"Na pale chini ya meza tulipomweka mtoto..." Fundi alianza.

"Palikuwa kitandani kwake. Wewe ukimkuta mtu kitandani kwako, anakurukia kiunoni, utamwimbia?"

Fundi alitaka kucheka, akashindwa.

"Tufanyeje?" aliuliza Mama Sponji. "Tukimpa dawa, hawezi kubaki?"

"Dawa nitampa. Na kwa watu wengine ingetosha kuwatenganisha, na kutowaacha pamoja bila mtu mzima hata kidogo. Lakini ninyi mtawatenganisha kwa kitu gani? Pazia? Mikono yenu iko kwenye kazi kutwa. Kesho Kibonge atatembea. Sikufichi, dada. Hapa si salama kwa mtoto, wala si raha kwa mbwa. Mtafutieni nyumba isiyo na watoto."

Mama Sponji aliketi sakafuni. "Huyu alinifuta machozi wakati sina mtu. Leo nimepata mtoto, namfukuza. Mimi ni mtu wa namna gani?"

"Wa gunia ndiye aliyekuwa anafukuza," daktari alisema, akimtupia Fundi jicho. "Wewe utamtafutia kwake. Itakuuma, ndiyo. Iache iume. Lakini usimlipishe mtoto maumivu yako."

Siku kumi zikapita. Sponji hakuugua. Fundi na mkewe walifikiria watu wote wanaowajua, wakamkumbuka Babu Breki.

Babu Breki alikuwa dereva wa malori mstaafu, mjane, anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye ua mpana. Mwaka ule alikuwa amewapa kiti chake wakivalishe ngozi. Hakuwa na la kufanya, hivyo alikuja kila siku kukikagua kiti, na kila siku Sponji alilala juu ya viatu vyake.

Njiani Fundi alinong'ona, "Mwambie tunahama. Akisikia ameuma, atakataa."

Mama Sponji aliongeza mwendo. Babu Breki akikataa, hakuna mwingine. Lakini walipokaribishwa ndani, alisema kabla ya kuketi:

"Babu, tunamtafutia Sponji nyumba. Amemuuma mtoto. Hapendi kushikwa kiuno. Wajukuu wakija, lazima umfungie chumba kingine."

Babu Breki alikuna kidevu. Fundi alitazama dari.

"Wajukuu wangu wana ndevu," mzee alisema mwishowe. "Umefanya vyema kusema. Ukimkabidhi mtu lori, mwambie breki haishiki. Akiligonga hajui, damu ni juu yako. Mleteni. Springi zake zimekufa, zangu zimekufa. Tutakwenda gia ya kwanza."

Siku ya kuhama, Mama Sponji alimpeleka mwenyewe. Alibeba bakuli lake, dawa zake na kadi ya chanjo. Alimweleza mzee saa za kula na namna ya kumwinua. Kisha akaondoka haraka, asigeuke, maana Sponji alikuwa analia nyuma ya geti.

Wiki za kwanza zilikuwa ndefu. Alisimamisha cherehani akidhani amesikia chafya. Jioni kizingitini aliuona mguu wake mtupu. Mara nyingine alimtazama Kibonge akicheza, akamkasirikia bila sababu, kisha akamkumbatia kwa aibu. Fundi alipiga mbao, akatengeneza uzio mdogo wa mtoto, mbali na pini na mikasi. Alifanya kazi hiyo kimya, na Mama Sponji alijua kuwa naye analia kwa nyundo.

Mkono wa Kibonge ulipona, hata alama haikuonekana. Akaanza kutembea. Mama yake alimfundisha mapema: mbwa anayekula haguswi, anayelala haguswi, wa watu haguswi mpaka mwenye mbwa akubali. Na jirani mmoja alipomchapa mbwa wake kwa kunguruma, Mama Sponji alitoka nje na sindano mkononi. "Muulize kwanza anasema nini!" alifoka. Mtaa mzima ulimsikia.

Siku moja akajipa moyo, akaenda kwa Babu Breki peke yake. Alikuwa ameogopa mambo mawili: kwamba Sponji atamchukia, au kwamba atamlilia arudi naye.

Sponji alimjia akichechemea, mkia ukipiga huku na huku. Akamnusa mikono, akauegemeza mwili wote kwenye miguu yake. Alikuwa amenenepa. Dawa na utulivu vilimfaa. Mama Sponji alimkuna shingo, polepole, kiuno akakiacha.

Alipoaga, Sponji alimsindikiza hadi getini. Geti lilikuwa wazi. Mama Sponji alipita, akasimama njiani, akangoja. Ndani ya nyumba, Babu Breki alikohoa, akagonga bakuli kwa kijiko.

Sponji alimtazama Mama Sponji mara moja. Kisha akageuka, akarudi ndani kwa mwendo wake wa polepole.

Nyumbani Fundi alimkuta mkewe mlangoni, macho mekundu, anatabasamu.

"Vipi? Alitaka kukufuata?"

"Hakutaka," alisema Mama Sponji. "Alinisindikiza kama mgeni."