Koti Jeupe Chini ya Taa Nyekundu

"Usiwashe taa, afande! Utaharibu kila kitu!"

Mkono wa inspekta ulikuwa umeshafika ukutani. Kituoni walimwita Bundi, kwa sababu kila alipotua palikuwa na msiba, na mama wa watu hakulichukia jina hilo. Aliurudisha mkono, akachungulia kutoka korido isiyo na taa ndani ya chumba cha giza cha maabara ya macho. Balbu moja nyekundu iliwaka pembeni. Mezani palikuwa na beseni la macho ya ng'ombe kutoka machinjioni, na yote, sijui kwa vipi, yalikuwa yanamtazama yeye. Chini ya meza Profesa alilala kifudifudi, koti lake jeupe likiwa safi kama limetoka kupigwa pasi sasa hivi. Ungedhani kajipumzisha.

"Samahani, kijana," Bundi alimwambia msaidizi wa Profesa, yule aliyepiga simu asubuhi hiyo. "Maiti haichunguzwi gizani."

Akawasha. Koti lote lilikuwa damu, kutoka kwenye kola hadi kiunoni. Kando ya beseni, kwenye visahani, retina zilizobanduliwa kutoka kwenye macho zilikuwa na rangi ya zambarau; mbele ya macho ya Bundi zikaanza kufifia, zikabaki nyeupe kama utando wa yai. Msaidizi aliguna kwa uchungu. Kwa maiti hakuwa ameguna hivyo.

"Ile rangi ni protini inayonasa mwanga," alisema. "Ikipigwa na taa inafifia. Dawa yetu inaishika hiyo protini isiharibike, watu wasipofuke. Ndiyo maana humu hatuwashi taa."

Nje, askari walikuwa wameshajipatia mtu wao. Alikuwa shemeji yake Profesa, fundi rangi aliyekuwa akipaka milango ya jengo hilo. Jana jioni walisikika wakifokeana, na leo shati lake lina madoa mekundu.

"Nilimwambia amheshimu dada yangu, basi!" fundi alilia. "Tangu lini mtu kugombana na shemeji yake ikawa habari?"

Bundi aliinama, akalinusa shati. Lilinuka tapentaini.

"Hii ni rangi ya mlango," alisema. "Mpeni maji ya kunywa, na mwache kumkodolea macho."

Kisha akakaa na msaidizi ofisini.

"Nieleze ulichokiona."

"Nilifungua mlango, nikamwona kalala, koti limelowa damu. Nikafunga, nikawapigia nyie."

"Ulimgusa?"

"Sikuingia hata hatua moja."

"Ulimulika tochi?"

"Mwiko! Hata simu tunaziacha nje."

"Na taa hukuwasha."

"Wewe mwenyewe ni shahidi, afande. Retina si ulizikuta na rangi yake?"

"Kweli. Hapo hujadanganya." Bundi alinyanyuka. "Twende."

Maiti ilikuwa imeshaondolewa, koti limeachwa mezani kando ya beseni. Bundi alizima taa, ikabaki ile nyekundu.

"Nionyeshe damu."

Msaidizi alilitazama koti. Lilikuwa jeupe tena, safi, kana kwamba hakuna aliyekufa. Alilisogelea, akarudi nyuma. Macho ya ng'ombe yaling'aa yakimsubiri ajibu.

"Kwenye taa hii damu na kitambaa cheupe havitofautiani," Bundi alisema taratibu. "Uliiona ulipotoka nje kwenye mwanga, mikononi mwako. Muuaji mwingine angewasha taa atazame alichokifanya. Wewe hata baada ya kuua ulizihurumia retina."

Kijana alikaa sakafuni.

"Alitaka kuimwaga dawa yote," alisema. "Eti tumekosea, protini ikishikwa muda mrefu jicho lenyewe linakufa. Uongo! Nimekuwa nikimdondoshea mama yangu kwa siri. Alikuwa haoni sindano, akaanza kutunga uzi mwenyewe! Nikamsihi Profesa, akanipa mgongo. Chuma cha kushikia chupa kilikuwa karibu."

"Dawa iliyobaki iko wapi?"

"Nyumbani."

Walifika adhuhuri. Mama mtu alikuwa dirishani akishona, jua likimpiga usoni. Sindano iliingia na kutoka, iliingia na kutoka, na haikuwa na uzi. Bundi aliliona hilo kabla ya kijana, akamwonea huruma, muuaji au si muuaji.

"Ni wewe, mwanangu?" mama aliuliza. "Hebu tafuta mshumaa. Umeme umekatika tangu asubuhi, na leo sijui mawingu gani haya."

Kijana alipiga hatua moja kumwendea. Pingu zililia mikononi mwake.

"Umekuja na mgeni? Karibu, mgeni. Ngoja kwanza anitie matone yangu, wakati wake umefika."

Akaweka kitambaa magotini, akainua uso kwenye jua kali, macho wazi, akasubiri. Hakupepesa.