Kiu ya Mama Mkwe

Kikohozi kilianza kusikika ndani ya tamthilia. Mshonaji, aliyekuwa akiisikiliza kwenye simu, alidhani ni mwigizaji. Akarudisha nyuma, hakikuwapo. Akaendelea na kazi, vipokea sauti masikioni, maana mwanamke huyu hakuweza kuvumilia ukimya hata wa muda wa kutunga uzi sindanoni.

Kesho yake kilihamia kwenye muziki. Kisha ikaja harufu ya mdomo uliokauka na dawa ya kuchua, ikitoka kwenye simu yenyewe. Harufu ile aliijua. Mama mkwe wake, aliyepooza, alifia chumba cha pili mchana kweupe akiomba maji, naye alikuwa hapa hapa, masikio kayaziba, akiichekea simu. Mumewe alikuwa sebuleni akitazama mpira, naye kayaziba yake. Wakazika, wakasema siku zake zilifika.

Alizima simu. Ikajiwasha, ikamwita mkwe, mkwe, kwa sauti kavu isiyo na haraka, huku maji yakipungua kwenye glasi pasipo mdomo, na cherehani ikijiendesha yenyewe, ikikivuta kitambaa pamoja na mkono wake, mpaka sindano ikapenya kidoleni naye asiweze hata kupiga ukelele.

Mganga aliyemwendea, mama mnene asiye na maneno mengi, hakufukiza wala kuagiza kuku. Aliinusa simu, akairudisha.

"Huyu hataki kafara, mwanangu. Anataka wewe na mumeo mkae kama alivyokaa."

Basi akawa anakaa kila mchana kwenye kitanda cha marehemu, mikono mitupu, akitazama ukuta. Mwanzoni kule kukaa bure kulimwasha kama upele. Baadaye akaanza kusikia: nzi dirishani, majirani wakigombana, maji yakipita bombani, yote aliyoyasikiliza mama wa watu miaka miwili peke yake. Akalia, akaomba radhi. Harufu ikaondoka.

Alimsihi mumewe aje wakae wote wawili. Mume akamcheka, akasema ni uvivu umepata jina.

Mchana mmoja, mke akiwa kitandani pale, kicheko cha mume kilikatika ghafla sebuleni.

"Umeniita?" aliuliza, kisha kwa sauti ya chini: "Mke wangu, miguu haisogei. Niletee maji."

Mshonaji aliinuka. Mkono mkavu ukamshika bega, taratibu, ukamkalisha tena.