Katoni Yenye Lakiri

Saa sita mchana. Stoo ya mabegi nyuma ya duka la Hamud, Kariakoo.

"Madaktari wako hotelini Mchafukoge," Hamud alisema. "Wanatunga maswali ya mtihani wa leseni, wanabishana, wanarekebisha. Saa saba wanashuka kula. Dogo, unaingia chumbani kwao, unabeba maswali, unatoka. Sadalla yuko chini na bodaboda."

Elibariki aliitikia kwa kichwa. Mtoto wa watu alikuwa ameshafeli mtihani huo mara mbili. Akifeli tena, basi, udaktari kwaheri.

Saa saba na robo. Tai, kitambulisho feki shingoni. Mlinzi akampisha. Chumbani kwa madaktari, katoni mbili: moja wazi, imejaa makaratasi; nyingine imefungwa kwa lakiri nyekundu.

Alinong'ona kwenye simu. "Bosi, nibebe ipi? Naona hii ya wazi ndiyo wanayoifanyia kazi."

"Wewe vipi? Mzigo orijino siku zote umefungwa! Beba yenye lakiri. Chap!"

Akabeba. Akili ya duka hiyo, jamani.

Saa nane. Stoo. Hamud alipasua lakiri kwa kisu. Elibariki akasoma swali la juu: mtoto anaharisha, apewe nini? Akakunja uso.

"Maji ya chumvichumvi yamo, zinki imo. Hapa majibu mawili yote sahihi."

Akageuza karatasi. Nyuma, kwa kalamu nyekundu: *Majibu mawili sahihi. Lichomwe.* Akachukua lingine. "Dawa hii haitumiki tena." Akageuza. Nyuma, maneno yake hayo hayo. Akachukua lingine, na lingine.

"Bosi, tumeiba takataka. Haya waliyakataa, wakayafunga yakachomwe moto."

Ndipo ikamwingia akilini. Kila kosa waliloliona madaktari, yeye aliliona kabla ya kugeuza. Masikini ya Mungu, safari hii angefaulu! Alicheka huku machozi yanamtoka.

"Wateja wanasubiri," Hamud alisema. "Yachape upya, tuuze."

"Sichapi. Niache nikasome."

Sadalla aliingia anahema. "Kimenuka! Askari wako mtaani, wanaulizia kijana wa tai."

Hamud alimvuta Sadalla nje. Komeo likalia. Elibariki akaurukia mlango, akaupiga kwa ngumi mpaka zikachubuka.

"Sadalla! Fungua, ndugu yangu!"

Ikaja sauti ya Hamud, laini kama anakaribisha mteja:

"Karibuni, afande. Mwizi wa mitihani nimemfungia humu. Ati na yeye anataka kuwa daktari."