Mstari Mwekundu Juu ya Jina la Petro

Wanawake waliokuwa wakiteremka bondeni kuchota maji ndio waliomkuta Cuthbert Nangumbi, Jumatano asubuhi, chini ya genge, ule mteremko mkali wa mawe wa Newala. Alilala chali juu ya mawe, kiatu kimoja mguuni, kingine kimenasa juu kichakani. Miwani yake haikuvunjika. Esha, aliyemwona kwanza, alitua debe lake tupu, akavua kanga ya juu akamfunika uso, ndipo akapiga yowe.

Inspekta Dadi Likwena alikuwa mtu wa Kilwa, mwezi wa nne tu tangu aletwe Newala. Alichuchumaa, akapima, akaandika. Fuvu limepasuka kisogoni. Vidole viwili vya mkono wa kulia vina wino mwekundu. Mkono wa kushoto umefumbwa. Aliufumbua taratibu, kidole kimoja kimoja, akakuta kipande cha karatasi kilichochanika kitabuni. Kimeandikwa: *Petro Namkoma, 1953*. Juu ya jina umepigwa mstari mwekundu.

Cuthbert alikuwa katibu wa chama cha wapakiaji wa maghala ya Newala na Masasi, wale wabeba magunia ya korosho na mihogo mikavu. Mwaka huo, 1957, sheria mpya ilitaka kila chama cha wafanyakazi kioneshe serikali fedha zake, uchaguzi wake, na orodha ya wanachama walio hai. Mkaguzi wa Msajili wa vyama alikuwa afike Ijumaa kutoka Dar es Salaam. Na sasa kitabu cha wanachama hakionekani.

Saa tatu haikufika, soko zima lilikwisha toa hukumu: kala hela za watu, kaona serikali inakuja, kajirusha. Padre naye akatuma neno. Maziko ni saa kumi. Lakini kama marehemu kajiua, hapatakuwa na kengele wala sala, na hatalala penye makaburi ya kanisa.

Kwa marehemu, mlangoni, alikaa Mzee Bartholomayo, mwenyekiti wa chama, akipokea waliokuja kutoa pole. Yeye ndiye aliyenunua sanda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita, mke wake yumo ndani."

Theodora, mjane, alikuwa sakafuni juu ya mkeka, mwanawe Julia kalala mapajani.

"Alitoka saa ngapi, Mama Julia?"

"Saa kumi na moja. Na kitabu kwapani."

"Kwenda wapi?"

"Kumwonesha mtu jambo kabla watu hawajaamka, ili asimwaibishe. Mtu gani, hakusema." Alifuta pua kwa pindo la kaniki. "Bwana Inspekta, mtoto huyu akikua ataitwa mtoto wa mwizi."

"Nitakupa ukweli kabla ya saa kumi."

"Hata ukiwa mbaya, nipe."

Ofisini, Mohamedi mweka hazina alifungua kasha. Wakahesabu pamoja, noti kwa noti, mpaka zile senti zenye tundu. Shilingi mia nne na kumi na mbili, senti thelathini. Sawasawa na daftari la fedha.

"Basi hakuiba," Dadi alisema.

"Cuthbert aibe? Yule akiazima kalamu ya chama kuandikia barua kwao, anarudisha na wino!" Mohamedi alicheka, kisha akashika mdomo, macho yakamjaa machozi.

"Wino mwekundu ulikuwa wa nini?"

"Wa kufutia marehemu. Walikuwa saba kitabuni. Na wote saba walipiga kura mwezi wa tano."

"Marehemu walipiga kura?"

"Ninyi wa pwani mtatucheka, afande. Nenda ghalani ukamwulize Petro."

"Mwenyekiti alishinda kwa kura ngapi?"

"Nne."

Dadi aliandika ile nne, akaizungushia duara.

Ghalani, kijana mwenye mabega mapana alishusha gunia na kupangusa vumbi usoni.

"Wewe ndiwe Petro Namkoma?"

"Ndimi."

"Ulijiunga na chama lini?"

"Mwaka hamsini na tatu."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Yaani ulibeba magunia ukiwa na miaka kumi na mitano?"

"Alibeba mjomba. Alipofariki, ukoo ulinikalisha kitini, wakanipa jina lake, shoka lake na deni lake. Sasa mimi ndiye yeye. Hata bibi ananiita mwanangu."

"Ukampigia kura nani?"

"Aliyempenda mjomba. Ndugu yake wa tumbo moja, aliyenikalisha kwenye kile kiti. Mzee Bartholomayo."

Dadi alirudi kwa marehemu.

Alimwomba Mzee Bartholomayo waongozane mpaka nyumbani kwake. Walikwenda polepole, kwa kuwa mzee alikuwa na mguu mbovu. Konstebo aliyefuatana nao alivuta sanduku uvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na shuka jeupe lililokunjwa vizuri, na ndani ya shuka, kitabu. Dadi aliweka kile kipande penye ukurasa uliochanika. Kikakaa barabara. Pale mstari mwekundu ulipoendelea, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, kwa uangalifu mkubwa, hata ikakaribia kutoboka.

"Ungekichoma, Mzee, nisingepata kitu."

"Nitamchomaje? Mdogo wangu yumo humo."

"Kura saba za marehemu, nawe umeshinda kwa nne. Nilidhani ni kiti cha uenyekiti."

"Kiti? Kichukueni leo hii." Mzee alikaa kitandani. "Petro ndiye aliyekianzisha chama hiki. Alifia chini ya magunia, Masasi, mimi sipo. Sikumwosha. Nilichoweza ni kumsimamisha tena kwa jina. Leo asubuhi, pale ukingoni mwa genge, Cuthbert ananifungulia kitabu: amechorwa damu, pembeni pameandikwa *amekufa*. Nikasema, futa. Akasema, Mzee, sheria inataka walio hai. Kijana tutamwandika upya, kwa mwaka wake. Nikavuta kitabu. Akavuta. Ukurasa ukakatika, akaenda kinyumenyume."

"Ulimsukuma?"

"Nilivuta. Kisha nikaita. Nikaita tena. Hakuitika."

"Hukwenda kuita watu?"

Mzee alitazama mikono yake. "Nilikwenda nyumbani kukwangua."

Dadi hakumfunga pingu njiani. Saa tisa na nusu mzee alisimama mbele ya mkeka wa Theodora.

"Mama Julia, mumeo hakuiba. Hakujirusha. Tulinyang'anyana kitabu, mimi na yeye, akaanguka."

Theodora alimgeukia.

"Tangu asubuhi umekaa mlangoni kwangu."

"Ndiyo."

"Ukawasikia wakimwita mwizi."

"Niliwasikia."

"Na pole zao ukazipokea." Alimwinua Julia begani. "Alitoka watu wamelala, Mzee, ili wewe usiaibike."

 Bartholomayo alimnyoshea konstebo mikono yote miwili.

Saa kumi kengele ya kanisa ilianza kulia. Gari la polisi lilikuwa limekwisha washwa. Kutoka nyuma, mzee aliomba wasiondoke kwanza. Dadi alimgusa dereva bega. Injini ikazimwa, wakasikiliza mpaka pigo la mwisho.