Uzi wa Kung'ata

Theluji ilikuwa ikianguka juu ya mto Volga, na taa za barabarani zimekwisha kuwashwa. Katika duka la zawadi la jumba la opera, Raya alikuwa akipanga vidoli vya kaure: wacheza baleti wadogo wadogo, mguu mmoja juu, wote wakitabasamu.

Kira, mchezaji mkuu, akaingia mbio, koti limening'inia bega moja.

"Shangazi Raya, wameliunguza vazi langu kwa pasi. Mkurugenzi kasema nivae hilo."

Hilo lilikuwa ndani ya kabati la vioo. Sketi nyeupe iliyosimama kama povu, kifua cha shanga. Lilikuwa la Lida, binti yake Raya. Alilivaa siku ile soli za viatu vyake zilipopakwa sabuni. Akateleza jukwaani, shingo ikavunjika. Nafasi yake akaichukua Kira. Jumba zima lilijua ni Kira aliyepaka. Jumba zima likanyamaza.

"Litakubana," Raya alisema.

"Linibane mimi? Wiki nzima nakula matango kama sungura."

Akalivaa. Vifungo vya mgongoni vilikuwa vimeliwa na kutu. Raya, mshonaji wa jumba hilo kabla ya msiba, akachukua sindano amshonee mwilini.

"Nipe basi uzi ning'ate. Bibi yangu angenichapa."

Kila mtu mjini anajua: anayeshonewa nguo mwilini hung'ata uzi, la sivyo akili yake hushonwa humo humo.

"Utafuta rangi ya mdomo," Raya alinong'ona. "Hayo mambo ya bibi yamepitwa."

Kira akacheka.

Sindano ikaingia. Ikatoka. Ikaingia.

"Unaanza na mguu upi, Kira?"

"Wa kulia."

Ikatoka.

"Upi?"

"Wa... ngoja kidogo."

Kengele ya kwanza ikalia. Raya hakuharakisha. Alimtaka asimame mbele ya mji mzima akiwa mtupu kichwani, asijue hata aliko.

"Mama yako anaitwa nani?"

Kira akavitazama vidoli, kimoja baada ya kingine.

"Na wewe?"

Ikaja harufu ya sabuni, kali, kana kwamba mtu ameifungua sasa hivi. Mgongo chini ya vidole vyake ukawa baridi.

"Mama, taratibu basi. Unashona kama unafunga gunia la viazi."

Haikuwa sauti ya Kira.

"Lida?"

"Nani mwingine?"

Kengele ya pili. Mkasi ulikuwa mezani. Kuufumua ule uzi kungemrudisha Kira. Na Lida je?

Raya akapiga fundo. Akapiga la pili juu yake.

Binti akageuka, akambusu shavuni kwa midomo ya barafu. Na hapo, kutoka ndani kabisa ya kile kifua cha shanga, chini ya pumzi za Lida, mtu mwingine akanong'ona, kwa mbali, kama aliyetumbukia kisimani.

"Shangazi... fumua..."

Raya akamnyooshea sketi.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Wanakusubiri."