Pigo la Mzee Hatibu

Vazi la kinasamwili lilipowashwa, Eirik, mwanafunzi aliyeshuka Tanga juzi tu kutoka Norwei, akacheza kirumbizi, ngoma ya kupigana kwa fimbo, kama aliyezaliwa nacho. Goti likakunjika, fimbo ikazunguka juu ya kichwa, ikateremka kwa mbwembwe na kuigusa fimbo ya mwenzake bila kuumiza. Nyuzi za vazi zilisukuma misuli yake kwa miondoko iliyonaswa kwa Mzee Hatibu, baba yake Mwalimu Mwanahawa. Hivyo ndivyo watoto walivyofundishwa mila za watu siku hizi: walizivaa.

Mwanahawa alipiga makofi, lakini moyo haukutulia. Baba yake alikuwa ameketi mstari wa mbele, akiutazama mchezo wake mwenyewe kama mgeni.

Siku ya kunaswa miondoko hiyo, mzee alisita. Alieleza kwamba mchezaji wa kirumbizi hatoi vyote. Pigo moja hubaki nalo, hata mwanawe wa kumzaa halioni. Mwanahawa akambembeleza wee. Akamwambia pigo la kufichwa litazikwa naye, dunia ilikose. Mzee, ambaye hakuwahi kumnyima bintiye kitu, akalitoa. Mafundi walikuwa wametaja kwamba mashine ya kunasia hainakili, bali huhamisha miondoko kutoka ubongoni mwa mwenyewe. Neno hilo walilisema harakaharaka, na Mwanahawa, kwa hamu ya kuona mchezo wa kwao ukienea, alilisikia nusunusu. Pupa mbaya, jamani.

Ngoma ikakoma. Kwa desturi waliyofundishwa, mshindi humkabidhi fimbo mkubwa wa uwanja, naye huonyesha pigo moja tu la kuwabariki wachezaji. Eirik akapiga goti mbele ya mzee, akaitoa fimbo kwa mikono miwili.

“Shikamoo, babu. Uwanja ni wako.”

“Marahaba.”

Mzee akaipokea. Akaigeuza, akaipapasa, akatazama huku na huku. Watoto wakangoja. Mwanahawa naye akangoja, akimwomba Mungu libaki walau lile moja. Kisha mzee akaisimika sakafuni, akaiegemea, akainuka polepole.

“Ahsante, mjukuu wangu,” alisema. “Magoti yananisumbua, na fimbo ya kutembelea nilikuwa sina.”

Watoto walidhani ni utani, wakacheka. Mwanahawa akaenda kumshika baba yake mkono, akilia mbele ya wanafunzi wake wote, na mzee akamuuliza kwa upole ni nani aliyemuudhi.